Ganda la Barua

Iko siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na kwa vile umenichokoza mwenyewe na hiyo simu yako, leo utaketi uisikie yote. Weka chini hiyo bahasha. Hapo, juu ya meza, mbali na chai. Nimekuruhusu kuipiga picha? Sijakuruhusu. Huyo mtu wako wa mtandaoni anayesema ni kitu adimu na anataka kuinunua atangoja. Aliye karibu kuondoka ni mimi, si yeye.

Siku hiyo tulikuwa kule Bahati, nje ya mji huu wa Nakuru, mimi na babu yako Elisha, tumeketi nje ya nyumba ya mama mmoja aliyeitwa Wanjiru. Nilikuwa bibi arusi wa juzi, bado naona haya kula mbele ya watu. Wanjiru alikuwa mfanyakazi kwenye shamba la mzungu, analima mahindi ya bwana na kuishi pembeni mwa shamba hilo katika nyumba ya nyasi. Mwanawe Kamau alikuwa amemtembelea siku hiyo kutoka Elburgon, kwenye kinu cha mbao alikofanya kazi, na hata baada ya kuoga bado alikuwa na unga wa mbao masikioni. Kamau na babu yako walikuwa jeshini pamoja huko Burma, kwenye vita vya Mfalme wa Uingereza. Ukiwaona wameketi pamoja ungedhani wamenyonya ziwa moja, ingawa huyu alikuwa Mkikuyu na huyu Mluhya wetu wa Maragoli.

Basi Elisha akamwuliza yule mama, "Mama, zile barua Kamau alizokuandikia kutoka vitani, bado unazo?"

Wanjiru akaingia ndani, akatoka na kiondo, akafungua kitambaa kimoja, akafungua na kingine. Barua ilikuwa moja. Zingine zililiwa na panya. Alimpa Elisha kwa mikono miwili, akaketi vizuri, akafunga leso yake, kwa maana alidhani atasomewa tena. Babu yako akatoa karatasi ndani ya bahasha, akamrudishia mama hiyo karatasi, kisha akaigeuza bahasha tupu kwenye jua, huku na huku, macho yakimtoka.

"Naomba hii, Mama."

Wanjiru akamwangalia. Akamwangalia mwanawe, halafu mimi. "Huyu kijana wako ni mzima?" akaniuliza. "Amepewa ndizi, amerudisha ndizi, anaomba ganda!"

Tulicheka, mwanangu! Kamau alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa amembeba mtoto wake Nyambura mabegani, kitoto kidogo ambacho mama yake alifariki akikizaa, na hicho kitoto nacho kikacheka bila kujua sababu. Wanjiru akasema, chukua, chukua ganda lako, mimi nitabaki na ndizi yangu. Sikuwaona tena wote pamoja wakicheka hivyo.

Sasa wacha nikueleze babu yako alikuwa na ugonjwa gani. Jeshini aliwekwa kwenye posta ya askari, kupanga barua za watu wetu waliokuwa mbali na kwao. Aliporudi akapata kazi ya kupanga barua hapa Nakuru. Wenzake walikusanya stempu, lakini yeye alisema stempu peke yake ni kitu cha watoto. Alikuwa nazo, naam. Alikuwa na zile za Afrika Kusini zilizogongwa majina ya nchi zetu juu yake wakati wa vita, kwa sababu zetu ziliadimika. Lakini hizo hazikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni bahasha za askari. Barua ya askari haikuwa na stempu hata moja. Ilikuwa na muhuri wa posta ya jeshi, na muhuri wa afisa aliyeisoma kabla haijaondoka, na nyuma yake namba ya askari na jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Ukimwona Elisha akishika moja, ungedhani ameshika yai.

Alizunguka kwa rafiki zake wote wa vitani, Gilgil, Njoro, Molo, akiomba maganda. Siku za Jumapili alizipanga juu ya kitanda chetu kule kwenye nyumba za reli, tulikokaa chumba kimoja cha shemeji yake, na mimi nasimama na nguo nilizopiga pasi, sina pa kuziweka. Na alikuwa mtu wa utaratibu. Kila bahasha aliyopewa, alichukua penseli akaandika nyuma, kwa herufi ndogo nzuri, aliyempa ni nani, na sasa anakaa wapi, na anafanya kazi gani. Nilimwuliza hayo ya nini. Akaniambia ndivyo wakusanyaji wa kweli wanavyofanya, kitu kisichojulikana kilikotoka hakina maana.

Nilimwambia, "Basi kata hiyo pembe yenye muhuri, hayo mengine tupa. Tutapata nafasi."

Alinitazama kama niliyemtukana mama yake. "Ukikata bahasha, Rasoa, umeiua."

Haya. Nikaziweka nguo sakafuni. Nilikuwa mke mgeni.

Ndipo ikaja ile Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ikiwasaka Wakikuyu walioingia msituni kupigania ardhi. Ninyi mnaisoma shuleni, mnafanya mtihani, mnasahau. Sisi tuliiona ikipita mlangoni. Wakikuyu walitolewa makazini, wakazungushiwa seng'enge, wakapakiwa kwenye malori. Sisi watu wa magharibi tuliambiwa haituhusu, na nasema kweli, wengi wetu tulikubali upesi, tukafunga milango. Jirani yetu aliyekuwa akinikopesha jiko aliondolewa asubuhi moja na mimi nikachungulia tu dirishani.

Nilimwomba Elisha achome zile bahasha. Nilimwambia nyingi zina majina ya Wakikuyu, na majina wakati huu ni hatari. Akacheka. "Ni bahasha za vita vya Mfalme hizi. Nani atamshika mtu kwa kumpigania Mfalme?" Aliamini hivyo kwa moyo wote. Alidhani zile bahasha ni ushahidi mzuri kwa rafiki zake. Babu yako hakuwa mtu mbaya, nataka ulishike hilo, kwa maana nitakayosema sasa yatakufanya umwone mbaya.

Asubuhi ya msako walizunguka nyumba zote za reli. Wanaume wakachuchumalishwa karibu na bomba la maji, mikono kichwani. Askari akaingia kwetu, akapindua kitanda, akaona mkebe wa biskuti. Akaufungua kwa furaha, maskini, alidhani amepata biskuti. Akaona karatasi. Akazipindua pindua, akaona namba za kijeshi na majina na penseli ya Elisha, akaita mwenzake. Wakamchukua Elisha pamoja na mkebe wake, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya godoro na sufuria, nikijua nimekuwa mjane.

Lakini baada ya siku kadhaa alirudi. Na alirudi, mwanangu, akitabasamu.

Nilimshika uso kutafuta majeraha. Hakuwa na hata moja. Akaketi, akaomba chai, akaanza kunisimulia kama mtu aliyetoka harusini. Kumbe afisa aliyewekwa kumhoji, mzungu mmoja kijana, naye alikuwa mkusanyaji! Alipofungua ule mkebe alitoa kioo cha kukuzia kwenye droo yake, akasahau hata kumwambia Elisha asimame. Akaziangalia moja moja. Wakazungumza mihuri, wakazungumza posta za jeshi, ipi ilifungwa mapema, ipi ni ngumu kupatikana. Elisha hakuwa amewahi kumpata mtu wa kuzungumza naye mambo hayo maishani mwake. Mimi nilikuwa nikisinzia. Sasa huyu hapa, afisa mzima, anamsikiliza.

"Hii wewe natoa wapi?" yule mzungu akauliza, kwa kile Kiswahili chao. "Huyu mtu bado iko?"

Na Elisha, kwa kujivuna, akaigeuza bahasha akamwonyesha penseli yake. Iko, bwana. Huyu iko Elburgon, kwenye kinu cha mbao. Huyu iko Njoro, ni dereva wa trekta. Huyu amehamia Molo, nilisahau kuandika, ngoja nikuambie ni kwa nani. Bahasha baada ya bahasha. Karani mmoja alikuwa ameketi nyuma yao akiandika, na Elisha hakumwona, au alimwona na hakumjali.

Mwishowe afisa akachukua ile ya Kamau, aliyopewa na Wanjiru, akaishika kwenye mwanga. "Hii mzuri sana. Muhuri kama hii mimi bado ona. Hii nakaa na mimi." Akaitia kwenye droo yake. Zingine zote akazirudisha mkebeni kwa adabu, akampa Elisha sigara, akamwambia aende nyumbani.

"Tumepoteza moja tu," babu yako akaniambia. "Ndiyo nzuri kuliko zote, inauma, lakini ni moja tu."

Nikamwuliza, "Na mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

Mwanangu, nimeishi na mwanaume huyo mpaka nikamzika, nikamzalia watoto, na nilimpenda. Lakini pale aliponiuliza mwenyewe nani, nilimchukia. Nilimwambia, "Wewe mjinga! Wanatafuta Wakikuyu wanaojua bunduki, na wewe umewapeleka mpaka mlangoni!" Nilimwona akisikia. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na nilimwona akirudia mazungumzo yote kichwani mwake, swali baada ya swali. Halafu akaamka, akatoka bila kofia, akakimbia kutafuta lori la kwenda Elburgon.

Alifika kwenye kinu cha mbao akakuta msumeno wa Kamau umeegemezwa ukutani na koti lake limetundikwa msumarini. Wenzake hawakutaka hata kumsalimia. Mmoja alimwambia tu wamemchukua jana yake, walikuja wakiita jina lake kamili na namba yake ya jeshini, namba ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuijua. Na wale wa Njoro na Molo pia walichukuliwa, wengine wakarudi, wengine hapana. Elisha angeweza kujidanganya kuhusu wale wengine. Kwa Kamau hakuweza.

Akarudi tukaenda Bahati pamoja. Tulikuta malori yamefika kwa wafanyakazi wote wa lile shamba. Walikuwa wanarudishwa Murang'a, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kuishi, na nyumba zao zilikuwa zinawashwa moto ili wasirudi. Wanjiru alikuwa tayari juu ya lori, Nyambura mgongoni, kiondo hakipo. Hawakumpa nafasi ya kuingia ndani kukichukua. Alipotuona alinyosha mkono juu ya vichwa vya watu.

"Elisha! Barua imeungua ndani. Nipe lile ganda. Nipe lile ganda la mwanangu, lina mkono wake!"

Babu yako alisimama pale chini ya lori. Alitia mkono kwenye mfuko wa koti kana kwamba angelikuta humo, akautoa mtupu, akautazama. Lori likaondoka na mkono wa yule mama bado umenyoshwa, na mimi nilikuwa nalia kwa sauti katikati ya barabara bila kujali nani ananitazama.

Tangu siku hiyo hakukusanya tena. Alizunguka kurudisha zile bahasha zingine kwa wenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kwa waliochukuliwa aliwarudishia wake zao. Mmoja alimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Alirudi nyumbani amelowa, akabadilisha shati, akaenda kwa mwingine.

Kazini akawa mtu mkimya. Kila mfuko wa barua uliofunguliwa pale posta aliupitia akitafuta kitu kimoja tu, mwandiko wa Kamau. Aliujua kuliko wangu. Watu waliofungwa kambini waliruhusiwa kuandika mara chache, na barua zao zilisomwa na kupakwa wino kabla ya kutoka. Miezi ikapita, mwaka ukapita. Mimi nikapata mtoto wa kwanza, baba yako Musa, na Elisha alimshika kama mtu anayeogopa kushika kitu cha mwenzake.

Halafu siku moja mchana akaja nyumbani kabla ya saa za kutoka kazini. Akafunga mlango. Akatoa ndani ya shati bahasha moja ya rangi ya udongo. Ilikuwa na jina la Wanjiru, Bahati, lile shamba, na nyuma yake jina la Kamau. Upande wa mbele ulikuwa na muhuri wa kambi aliyofungwa.

Nilishikwa na woga. Sheria ya posta ilikuwa wazi: barua ambayo mwenyewe hayuko irudi ilikotoka. Mpanga barua akionekana ametoka na barua ya mtu mfukoni ni jela, na barua yenyewe ya kambini! "Utafungwa, Baba Musa," nilimwambia. "Tuna mtoto mchanga."

"Nifungwe," akasema. "Ikirudi, Kamau atadhani mama yake amekufa."

Hakuifungua. Hilo nilishuhudia. Tulipanda basi siku ya mapumziko yake, mimi na mtoto na yeye amevaa sare yake ya posta, na ni ile sare iliyotupitisha kwenye vizuizi. Kule Murang'a watu walikuwa wamekusanywa kwenye vijiji vipya, vimezungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Tuliuliza kijiji hadi kijiji kuhusu watu wa malori ya Bahati. Tulimkuta Wanjiru ndani ya handaki, anachimba pamoja na wanawake wengine, amekonda nisingemjua. Walinzi walimruhusu kupumzika kidogo kwa sababu ya ile sare. Akaketi kwenye udongo, tope mpaka magotini, akasema, "Soma."

Elisha akasoma. Bado nakumbuka maneno yenyewe. Mama, mimi ni mzima. Usimuuze yule mbuzi mweupe. Mwambie Nyambura baba yake anamtaja kila siku kabla ya kulala. Hapo katikati palikuwa pamepakwa wino mweusi, mistari mizima. Kisha: salamu kwa Elisha, mwambie nikitoka tutacheka tena.

"Soma hapo peusi," akasema Wanjiru.

"Hapasomeki, Mama."

"Basi ulifanyia kazi gani posta miaka yote hii?"

Ndipo babu yako akapiga magoti kwenye tope. Akamwambia yote. Penseli, mkebe, afisa, kioo cha kukuzia, sigara. Hakujitetea. Hata lile la kurudi nyumbani akitabasamu alilisema, na mimi nikatamani asiseme. Wanjiru alimsikiliza huku akikwangua tope mguuni kwa kijiti. Alipomaliza, yule mama aliendelea kukwangua kwa muda mrefu, mpaka mlinzi akaanza kuita wanawake warudi.

Akachukua ile barua, akaikunja, akaitia kifuani. Kisha akamnyoshea Elisha bahasha.

"Uliniomba ganda nikakupa nikicheka. Chukua na hili."

"Hapana, Mama. Tafadhali."

"Chukua! Si ndilo unalopenda? Lakini hili sikupi liwe lako. Nakupa ulitunze. Siku mwanangu akitoka, utamwekea mkononi, utamtazama machoni, na utamwambia hayo uliyoniambia mimi. Mpaka siku hiyo, usilale bila kujua liko wapi."

Akashuka handakini. Nyambura alikuwa amesimama pale juu, kidole mdomoni, akitutazama tunavyoondoka.

Kambi zilipoanza kufunguliwa, Elisha alikuwa stesheni kila yaliposhuka makundi ya waliotolewa, bahasha mfukoni mwa koti. Wanaume walishuka wakiwa wazee, mwanangu, wanaume wa umri wangu. Aliuliza kila mtu. Mpaka akampata mmoja aliyekuwa pamoja na Kamau, akamwambia asiendelee kungoja. Kamau alikufa katika kambi hiyo hiyo ya kwenye muhuri, akazikwa huko huko nyuma ya seng'enge na wenzake, bila msalaba wala jina. Elisha akaenda tena Murang'a kumweleza mama. Akakuta Wanjiru naye amekwisha kufa, njaa na ile kazi ya handaki, na mtoto amechukuliwa na jamaa, hakuna aliyejua wapi. Babu yako akarudi na bahasha yake. Hakuwa na mtu wa kumpa.

Alitafuta. Aliandika barua kwa makanisa na machifu, lakini akina Nyambura Murang'a ni wengi kuliko mawe. Alipokuwa anakufa, hospitalini hapa Nakuru, wewe ukiwa bado hujazaliwa, hakuniuliza habari za shamba wala za watoto. Aliniuliza, "Rasoa, liko wapi?" Nikamwambia liko ndani ya Biblia yangu. Akafunga macho.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo unapoingia wewe. Mwezi uliopita ulinipeleka matangani kule Bahati, ukakaa garini na simu yako. Mimi nikaketi karibu na mama mmoja mwenye bakora. Tukazungumza kama wazee, nani ni nani, umetoka wapi. Akasema alizaliwa pale pale Bahati, shamba la mzungu, akapelekwa Murang'a mgongoni mwa nyanya yake, na sasa amenunua kishamba Subukia. Nikaweka kikombe chini. Nikamwuliza jina la baba yake. Akaniambia.

Ni Nyambura, mwanangu. Ni kile kitoto cha mabegani.

Nikamwuliza kama nyanya yake alimwachia kitu. Akasema anayo barua ya baba yake, imechakaa, ameisoma mpaka anaijua kwa moyo. Lakini akasema, "Haina jina la mahali ilipoandikwa. Palipakwa wino. Nimezunguka ofisi nikiuliza baba yangu alifungwa kambi gani, nikaoneshwa milango. Watu wengine wamekwenda kwenye zile kambi kuomba na kuweka maua. Mimi sijui hata nielekee upande gani."

Geuza hiyo bahasha. Si hivyo, mbele. Soma huo muhuri. Wewe una macho mazuri.

Umeona? Ndiyo kambi. Huyo mtu wako wa mtandaoni alikuambia muhuri huo ni adimu, na hakukudanganya. Anaujua muhuri. Kama afisa yule alivyoujua, na kama babu yako alivyoujua. Wewe unataka kuuza njia ya mtoto kufika kaburini kwa baba yake. Ulikuwa hujui, sikugombezi. Sasa unajua.

Basi nasaha yangu ni hii, na uishike hata nikishaenda. Penda vitu vya zamani, hakuna ubaya, babu yako alivipenda na ni yeye aliyekuachia damu hiyo. Lakini kila kitu chenye jina la mtu, kabla hujakisifu muhuri wake, uliza kwanza mwenye jina yuko wapi na ana hali gani. Usilitaje jina la mtu wala anakoishi kwa ajili ya kumfurahisha anayekusifu, hasa akiwa ndiye mwenye bunduki mezani. Hiyo simu yako inataja watu kuliko penseli ya babu yako ilivyotaja, nawe unajua. Na ukipewa kitu ukitunze, ujue mwisho wake ni kurudishwa. Elisha alikosa hilo asubuhi moja tu ya maisha yake, kwa sababu alisifiwa, na alilipia mpaka kitandani mwa kufia. Mimi sitaki nikulilie wewe pia.

Kesho utanipeleka Subukia. Nilimwambia Nyambura nitakuja na kitu, sikumwambia kitu gani, sikuwa na uhakika kama miguu ingenikubalia. Mimi nitasema habari za penseli na sigara, maana babu yako aliagizwa ayaseme na hakupata nafasi. Lakini bahasha utaitoa wewe, kwa mikono miwili, umtazame machoni. Una jina la Elisha. Mkono wake ulitoka mtupu mfukoni mbele ya lile lori. Wako usitoke mtupu.

Njoo uiname hapa nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa Wanjiru na wa Kamau akutangulie barabarani kesho. Akupe macho ya kumwona mtu kabla ya kuona kitu chake. Ulimi wako usimpeleke mwenzako pabaya, na mlango wako usifungwe jirani anapochukuliwa. Uzae watoto watakaoijua sauti yako, na uzikwe mahali wanapopajua.

Sasa nipe hiyo bahasha niirudishe kwenye Biblia. Na umwandikie huyo mtu wako, umwambie imepata mwenyewe.